Kati ya Kumi, Wawili Wanataga

Mfugaji mwenye mitetea kumi uani na yai moja tu kapuni huanza na swali la hasira: nani kati ya hawa anakula pumba zangu bure? Mara nyingi jibu hutafutwa kwa macho. Kuku mnene kuliko wenzake anakamatwa na kuchinjwa. Akipasuliwa, tumboni kunakutwa kichala cha viini vya njano, kuanzia vya ukubwa wa punje ya mtama hadi kiini kamili, pengine na yai zima lenye gamba ambalo lingetagwa asubuhi ya pili yake. Aliyeingia chunguni ndiye aliyekuwa akitaga.

Kumtambua mtagaji bila kisu si jambo la kubahatisha. Ishara zake zilichunguzwa na kuandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na nyingi zinahitaji macho na vidole tu. Kinachowachanganya wafugaji ni kwamba kila ishara ina muda wake. Mifupa ya nyonga na kilemba huzungumzia siku na wiki hizi, rangi ya miguu huzungumzia miezi iliyopita, na manyoya ya bawa msimu mzima. Anayetazama miguu ili ajue nani katoa yai la leo anasoma kalenda akitafuta saa. Isitoshe, sehemu kubwa ya maarifa hayo ilipimwa kwa kuku wa Marekani, waliokula mahindi ya njano na kupitia majira ya baridi. Kuku wa Singida au Kitui hawakuwamo.

Kwa hiyo kabla ya kumshuku yeyote, ifanywe kwanza hesabu ya kuku wa kienyeji. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha huyaatamia. Tuseme mayai 15 yanamchukua wiki tatu, kwa kuwa hatagi kila siku. Kuatamia ni siku 21, yaani wiki nyingine tatu. Akishaangua hutembea na vifaranga kwa wiki nane hivi, au zaidi, ndipo arudi kiotani. Mzunguko mzima ni wiki 14, na zenye mayai ni tatu tu. Katika kundi la kuku kumi, kila mmoja akiwa kwenye hatua yake, siku yoyote ile wanaotaga ni wawili. Wengine wawili wako juu ya mayai, na sita wanalea. Kapu la siku hupata yai moja au mawili. Kwa mwaka kuku huyo anakamilisha mizunguko mitatu na ushee, mayai hamsini na kitu, na ndiyo maana makadirio ya kuku wa kienyeji hutajwa kati ya mayai 40 na 60. Yai moja jioni, kwa kundi kama hilo, ni kawaida kabisa.

Chotara wa mayai wana hesabu nyingine. Hao wameteuliwa kwa vizazi vingi hadi tabia ya kuatamia ikakaribia kuwatoka. Hutaga zaidi ya mayai 300 kwa mwaka na huanza wakiwa na wiki 18 hadi 20, wakati tembe wa kienyeji husubiri miezi sita hadi minane. Katikati yao wapo Kuroiler na Sasso, ambao mradi wa African Chicken Genetic Gains uliwajaribu katika vijiji vya Tanzania katika miaka ya 2010, pamoja na kuku weusi ambao wengi huwaita kuku wa Malawi. Nyua nyingi leo zina mchanganyiko wa hawa wote, kwa damu za viwango tofauti. Chotara aliyekaa wiki mbili bila yai ana tatizo. Kuku wa kienyeji aliyekaa miezi miwili ana vifaranga.

Yai lenyewe hutengenezwa kwa saa 24 hadi 26. Kiini kilichoiva hudondokea kwenye mrija wa mayai na kukaa hapo mwanzoni kama robo saa, mahali ambapo mbegu ya jogoo hukutana nacho. Ute huchukua saa tatu hivi, ngozi nyembamba za ndani saa moja na dakika kadhaa, halafu gamba, ambalo peke yake hula karibu saa 20. Kiini kinachofuata hudondoka kama nusu saa baada ya yai kutoka. Kwa kuwa mzunguko huo unazidi siku kwa kiasi kidogo, kuku aliyetaga saa mbili asubuhi leo hutaga saa tatu kesho na saa nne na nusu keshokutwa, hadi muda unamtupa mkono. Huruka siku moja na kuanza upya asubuhi na mapema. Kuku aliyekosa yai siku moja, basi, hajaacha kutaga. Uchunguzi wowote wa chini ya wiki moja ni wa kubahatisha. Na kwa kuwa gamba hujengwa zaidi usiku, kupapasa tumbo alfajiri, kabla banda halijafunguliwa, kunafanya kazi: yai la leo tayari ni gumu na kidole hulihisi.

Ukaguzi kamili hufanywa vizuri zaidi usiku, kuku wakiwa wametulia juu ya kichanja. Tochi ndogo inatosha. Kuku hubebwa kwapani, kichwa kikielekea nyuma ya mkaguzi, ili mkono mmoja ubaki huru. Kwanza ni kilemba, kile kinyama cha kichwani, na ndevu za chini ya mdomo. Kwa anayetaga vimejaa, vyekundu, laini na vina joto, kwa sababu homoni za mfuko wa mayai ndizo zinazovikuza. Kwa aliyeacha vimesinyaa na kupauka, wakati mwingine vina ukoga mweupe wa ngozi kavu. Lakini minyoo na utitiri nao hupausha kilemba, na tembe ambaye hajatoa hata yai moja huanza kuwa mwekundu wiki kadhaa mapema. Tembe huyo hujitambulisha kwa njia nyingine: akiguswa mgongoni huchutama na kutanua mabawa kidogo, kama anavyofanya jogoo akimkaribia. Yai la kwanza huwa haliko mbali.

Kisha huangaliwa njia ya yai. Kwa mtagaji ni pana, ina unyevu na imepauka. Kwa asiyetaga ni ndogo, kavu, ya mviringo na imejikunja. Chini yake kidogo, kulia na kushoto, kuna ncha mbili za mifupa ya nyonga. Vidole viwili au vitatu vikilala kati ya ncha hizo, huyo anataga. Kidole kimoja kikiingia kwa shida, hatagi. Nafasi ya pili ni kutoka kwenye ncha hizo hadi mwisho wa mfupa wa kidari: vidole vitatu au vinne, na tumbo la hapo liwe laini, si gumu kwa mafuta. Vidole vya nani? Hapo ndipo panapohitaji busara. Kuchi mrefu wa kupigana na Ching'wekwe mwenye miguu mifupi hawawezi kupimwa kwa vidole vile vile na kutolewa hukumu moja. Kinachofaa ni kumlinganisha kuku na mwenzake wa umbo lake, au naye mwenyewe wiki tatu zilizopita.

Aliyeipigia debe zaidi njia hii ya vidole ni Walter Hogan, mfugaji wa Petaluma, California, mji uliokuwa ukijiita kapu la mayai la dunia. Kitabu chake, The Call of the Hen, kilitoka mwaka 1913 na kilisambaa sana. Hogan hakuishia kusema huyu anataga na huyu hatagi. Alidai kwamba unene wa mifupa ya nyonga na upana wa tumbo vinatosha kutabiri kuku atatoa mayai mangapi kwa mwaka, akaweka hata majedwali. Hapo alipitiliza. Mifupa hufunguka kuku anapoanza kutaga na kufunga anapoacha. Inaeleza hali ya sasa kwa uaminifu mkubwa, lakini ya mwaka mzima haiyajui. Sehemu ya kwanza ya mafunzo yake bado inafaa hadi leo, ya pili iachwe kitabuni.

Rangi ndiyo ishara yenye historia nzuri kuliko zote, na ndiyo inayowapoteza zaidi wafugaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1915, huko Connecticut, A. F. Blakeslee na D. E. Warner walionyesha kwamba kuku wa ngozi ya njano hupauka kadiri anavyotaga. Miaka michache baadaye L. S. Palmer na H. L. Kempster wa Missouri walieleza sababu. Rangi ya njano ya ngozi hutoka kwenye chakula, hasa mahindi ya njano na majani mabichi. Kuku akianza kutaga, rangi hiyo huelekezwa kwenye kiini cha yai, na ngozi haipati tena ya kujazia iliyokuwapo. Upaukaji huenda kwa mpangilio usiobadilika: kwanza njia ya yai, ndani ya siku chache, kisha ukingo wa jicho, kisha mdomo, kuanzia mzizi kuelekea ncha, kwa wiki nne hadi sita, mwisho miguu, ambayo huhitaji miezi. Akiacha kutaga, rangi hurudi kwa mpangilio ule ule. Kuku mwenye miguu meupe na mzizi wa mdomo uliorudia unjano alitaga sana, ameacha majuzi.

Ni kipimo kizuri mno, lakini kina masharti mawili. La kwanza ni ngozi: kuku wengi wa kienyeji wana miguu meupe, ya kijivu au myeusi, na kwao hakuna kitu cha kusoma. Unjano wa ngozi ni urithi wa pekee. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuku wa kufugwa waliupata kwa kuchanganyika na kuku-mwitu wa kijivu wa India, jamaa tofauti na yule mwekundu aliye babu yao mkuu. Sharti la pili ni chakula. Mahindi mengi ya Tanzania na Kenya ni meupe. Ya njano wengi Kenya waliyajua kama chakula cha msaada cha ukame wa 1984 na hawakuyapenda. Kuku aliyefungiwa ndani akala pumba za mahindi meupe hupauka miguu hata kama hajatoa yai mwaka mzima, na mayai yake, akiyatoa, huwa na kiini cheupe ambacho wateja wa mjini hukitilia shaka. Anayetembea na kudonoa majani huwa na kiini cha njano iliyokolea, na kwake kipimo cha Blakeslee hurudi kuwa na maana, ikiwa tu ana miguu ya njano.

Manyoya nayo yana lake. Bawa la kuku lina manyoya makubwa kumi ya nje, yanayotengwa na ya ndani na unyoya mmoja mfupi. Wakati wa kunyonyoka, yale kumi huanguka kuanzia karibu na huo mfupi kuelekea ncha ya bawa. Unyoya mpya huchukua kama wiki sita kukua. Kwa kuku anayenyonyoka polepole, kila unyoya unaofuata huongeza wiki mbili. Mwenye kuhesabu vizuri anaweza kusema kuku huyu aliacha kutaga wiki ngapi zilizopita. Watagaji hodari huangusha manyoya kadhaa kwa pamoja, wanamaliza haraka na kurudi kazini.

Ila vitabu vya Ulaya na Marekani huongeza kanuni nyingine: anayenyonyoka mapema, kabla ya majira ya vuli, ni mtagaji mbaya. Kanuni hiyo imejengwa juu ya mwanga. Kaskazini ya mbali siku ya Juni hupita saa 15 na ya Desemba haifiki tisa, na siku zikipungua kuku huacha kutaga na kubadili manyoya. Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki saa moja. Nairobi ni dakika kumi hivi. Huku kunyonyoka hufuata umri, njaa, ugonjwa au kuatamia, na anayemwuza kuku kwa sababu eti amenyonyoka mwezi usiofaa amefuata kalenda ya watu wa mbali.

Mwili, hata ukisomwa vizuri, hausemi yai hili ni la nani. Kwa hilo lazima kuku akamatwe kwa tendo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maine, chini ya Gilman Gowell, kilianza mwaka 1898 kutumia viota vya mtego: kuku akiingia, mlango hujifunga, naye hukaa humo na yai lake hadi mtu aje kusoma namba ya pete mguuni. Kwa viota hivyo hivyo, James Dryden wa chuo cha kilimo cha Oregon alithibitisha mwaka 1913 kwamba mtetea wake, Lady MacDuff, ametaga mayai 303 kwa mwaka mmoja, idadi ambayo wengi walidhani haiwezekani. Kampuni za kuzalisha kuku sasa hutumia pete zenye chipu na viota vinavyojiandikia rekodi vyenyewe. Uani kiota cha mtego kinataka mtu asiyetoka nyumbani, kwani kuku akisahauliwa ndani ya boksi chini ya bati hadi adhuhuri, joto litammaliza.

Rahisi zaidi ni rangi. Tone la rangi ya chakula, au mpako wa lipustiki, huwekwa kwenye njia ya yai ya kila kuku anayeshukiwa, kila mmoja na rangi yake, jioni. Asubuhi yai linatoka na mstari. Mayai ya kienyeji, yaliyo meupe au ya maziwa, huuonyesha mstari huo waziwazi. Kwenye yai la kahawia iliyokolea itafutwe rangi ya buluu au kijani. Rangi hufutika upesi na inabidi irudiwe. Wasio na haraka hutumia macho tu, maana kila kuku hurudia umbo lake: mmoja hutoa yai refu lenye ncha, mwingine la mviringo, wa tatu lenye madoadoa upande mnene. Njia hiyo hukwama pale mitetea wanapokuwa ndugu wa tumbo moja. Wapo pia wanaomfunika mshukiwa peke yake kwenye tenga kwa siku nne tano, akiwa na maji na chakula. Inafaa, mradi ikumbukwe kwamba kuku aliyehamishwa hushtuka na anaweza kuchelewesha yai.

Halafu kuna mayai yanayotagwa na yasionekane. Kuku wa kienyeji akiachwa huru hupendelea kichaka, nyuma ya rundo la kuni au chini ya kitanda cha wageni. Kuwafungia hadi saa tano asubuhi kwa wiki moja kumeokoa kuku wengi na kisu. Kenge, nguchiro na nyoka nao hupita, na kwa Dar es Salaam na Unguja kuna kunguru weusi walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakajiongezea mayai na vifaranga. Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Anavunja: akishaonja moja lililopasuka, hasa akiwa na upungufu wa madini ya chokaa, huzoea, na ushahidi ni majani ya kiota yenye unyevu na mdomo wenye kiini kilichokauka.

Kikundi kizima kikikata mayai kwa ghafla, kumtafuta mkosaji mmoja ni kupoteza muda. Siku moja bila maji inatosha kuvuruga utagaji. Kideri huweza kuanza kwa mayai kupungua na magamba kuwa laini, kabla shingo hazijapinda, na chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, ni nafuu kuliko uchunguzi wote ulioelezwa hapa.

Yupo mmoja anayezishinda ishara zote za mwili. Kifaranga jike akipata bronkaitisi ya kuambukiza katika wiki zake za kwanza, virusi huweza kuharibu mrija wa mayai usikue. Anakua vizuri. Kilemba kinakuwa chekundu, mifupa inafunguka, anaingia kiotani na kutetea kama wengine, na viini vinaiva kila siku, ila vinadondokea tumboni na kufyonzwa. Vidole vya Hogan vingempa alama zote. Ni tone la rangi tu, au tenga, linalomfichua, baada ya wiki mbili bila yai.

Rekodi ikishapatikana, huja kishawishi cha kuangulisha mayai ya bingwa peke yake. Maine walifanya hivyo tangu 1898: walichagua mitetea wenye rekodi kubwa na majogoo wa mama waliotaga mayai 200. Mtafiti Raymond Pearl alipofika hapo mwaka 1907 na kuzipitia hesabu, alikuta wastani wa kundi haujapanda. Mabinti hawakuwafuata mama zao. Pearl akaacha kumtazama kuku mmoja mmoja na kuanza kuzilinganisha familia: mtetea gani ana mabinti wengi wanaotaga, na jogoo gani huwazaa.

Kwa mfugaji wa uani hilo linabadilisha daftari. Safu ya mayai haitoshi. Inahitajika ya walioanguliwa, ya waliofika wiki nane na ya siku zilizopita hadi yai lililofuata. Kuku aliyetaga 12, akaangua 10 na kukuza 8, atakuwa mstari mmoja na yule aliyetaga 18, akaatamia siku sita na kuyatelekeza, kisha akarudi kutaga mwezi huo huo. Kwa mwenye kuuza mayai mjini, huyo wa pili ndiye wa kubaki bandani. Kwa anayekuza majogoo wa kuuza Desemba, ndiye wa kwenda sokoni kwanza.